Kwa Nini Naonja Kongoro Nikiangalia Ukuta

Salome, na ninyi wenzake mlioshika jiko baada yangu, nasikia mnanisema. Mnasema Mzee Ambokile ameanza kuchakaa kichwani. Kila akija kuonja kongoro anageuza benchi, anauelekea ukuta, anakula kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Wengine wanasema ni maringo, eti sitaki kuwatazama kwa sababu mnapikia gesi. Sijakasirika. Ningekuwa ninyi ningesema mabaya zaidi.

Nimeona niwaandikie, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo mnaanza kucheka kabla sijafika, halafu mteja anaingia na habari inaishia hapo. Nivumilieni mwandiko na mpangilio. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilipita kama lori linalopitishwa mpakani bila kukaguliwa. Ila nina tabia ya kuandika kila jioni mambo ya siku. Mke wangu Rehema anasema naandika ili nisioshe vyombo. Kuna ukweli kidogo.

Kwanza mjue kwamba kongoro hili si langu. Watu wa Tunduma wanaliita kongoro la Mndali kwa sababu mimi ni Mndali wa Ileje, lakini ni chakula cha ukoo wa mke wangu, Wanyiha wa Mbozi. Kwato za ng'ombe na maharage kwenye chungu kimoja, karanga za kutwanga mwishoni, chumvi ya Ivuna mwisho kabisa. Walikuwa wanalipika msimu wa kahawa ukiisha, ukoo mzima unakusanyika, linakaa motoni tangu asubuhi mpaka watu wamegombana na kupatana. Chungu chenyewe ndicho alichopikia bibi yake mama mkwe wangu. Ndicho hicho kilichopo hapo jikoni kwenu, hicho ambacho Salome anakiita babu.

Mimi nilikuwa utingo wa malori. Mgongo ulipokataa, nikafungua kibanda karibu na maegesho, pale madereva wanaposubiri kuvuka kwenda Zambia. Nikawa napika ugali na maharage. Maharage yangu yalikuwa ya kawaida. Hapana, niseme haki, yalikuwa mabaya. Jirani yangu Hamisi, yule muuza matairi, alikula siku ya kwanza akanyamaza, akala siku ya pili, siku iliyofuata akaniita pembeni.

"Ambokile, usinielewe vibaya. Haya maharage yako yanafaa kuzibia pancha."

"Si unakula kila siku?"

"Nakula kwa ajili ya ujirani. Dini yangu inataka hivyo. Lakini dereva wa Ndola hana ujirani na wewe."

Alisema kweli. Madereva walikuwa wanakula kwangu mara moja, halafu safari nyingine nawaona wanapita wakijifanya wanaongea na simu.

Sasa, kongoro la wakwe nilikuwa nimelila mara nyingi, maana kila tukienda Mbozi tulipewa. Nililila chumbani kwa shemeji yangu Yona, mlango umefungwa, kwa sababu ya ukwe. Ninyi wa leo mnakaa na mama wakwe sebuleni mnaangalia tamthilia, mnapokezana rimoti. Kwetu enzi hizo, na hasa kwa ukoo ule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Nisiidharau. Lakini heshima ile ilibuniwa na watu wenye mapori, si na watu wa Tunduma.

Siku moja mama mkwe alikuja Tunduma kununua kitenge. Mimi nashuka kwenye kichochoro cha maduka, yeye anapanda. Hakuna pori. Alipoiona kofia yangu akajitupa kwenye duka la misumari. Na mimi nikajitupa kwenye duka lililokuwa karibu, ambalo niliposimama vizuri nikakuta ni la nguo za ndani za akina mama. Muuzaji, binti mmoja mwenye sauti kubwa, akaniuliza, "Karibu baba, za nani, za mama au za mpenzi?" Sikuweza kutoka kwa sababu mama mkwe bado anakagua misumari. Nikashika moja nikaulizia saizi. Rehema alisikia habari ile kabla sijafika nyumbani, na hajaisahau mpaka leo.

Basi, biashara ikiwa inakufa, nikamwambia Rehema, "Mama Tumaini, nifundishe kongoro la kwenu."

Akacheka. "Silijui."

"Umekulia nalo."

"Nimekulia na kanisa pia, lakini siwezi kuhubiri. Mimi siwezi kukaa na kwato kutwa nzima. Harufu ya kubabua ikiingia kwenye vitambaa vya wateja, nitashonea nani?" Rehema ni fundi cherehani, na alikuwa na haki. Mke wa Yona ni mwalimu kule Itumba, hana muda wa chungu, na yeye pia simlaumu. Kwa hiyo chungu kilikuwa hakina mtu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutangaza kwamba akifa kipandwe maua.

Rehema akaenda kumwuliza mama yake kama atanifundisha mimi. Akarudi na jibu. Mama alisema, "Mwanaume. Tena mkwe. Tena Mndali." Akaenda kulala. Asubuhi yake akasema, "Mwambie aje."

Sharti lilikuwa hili. Mimi nikae ndani ya jiko, yeye akae nje, nyuma ya ukuta, ameelekea mibuni. Hataniona, sitamwona. Na hatasema na mimi, maana kumsemesha mkwe moja kwa moja nako ni kumkosea heshima. Atasema na kuku.

Msidhani natania. Mle jikoni, kwenye kona, kulikuwa na kuku mwekundu anayeatamia. Mama mkwe alikuwa anaketi nje kwenye kigoda, anasema kwa sauti kupitia tundu la moshi:

"Wewe kuku, mwambie huyo mtu kwato hazijababuka. Nasikia anakwangua kama anayekuna mgongo wa mgonjwa."

Na mimi nikawa namjibu kuku. "Kuku, mwambie mama kisu ni butu."

"Kuku, mwambie kisu kilikuwa kikali mpaka yeye alipokishika."

Kuku anatutazama tu. Nafikiri alituona wote wawili ni wapumbavu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi yenu ilipoanzia. Kwa kuwa mama mkwe hakuweza kuingia jikoni, hakuweza kuona chungu. Alikuwa anakisikiliza, na kunusa kinachotoka tunduni. Kwa hiyo na mimi nilifundishwa kupika kwa masikio. Wapishi wengine wote niliowajua wanafunua, wanachungulia, wanabonyeza kwa kidole, wanaonja, wanafunika. Kwa mama mkwe, kufunua mfuniko ilikuwa kama kumfunulia mtu mlango wa choo.

"Kuku, nani kafunua?"

"Kuku, mwambie nilikuwa naangalia maji."

"Kuku, mwambie maji hayajavaa nguo mpya, yaangaliwe ya nini."

Alisema chungu kina sauti tatu. Kwanza kinagombana. Hapo kinapiga kelele, mfuniko unarukaruka, mpishi mgeni anafurahi akidhani kazi inaendelea. Punguza kuni, hakuna kinachopikika kwenye ugomvi. Halafu kinalalamika, kidogo kidogo, kama mzee anayetafuta kiatu. Hapo ndipo maharage yanalainika, na ukiongeza maji yawe ya moto, ukitia ya baridi yanakaza na hayakusamehe. Mwishoni kinakoroma. Mkoromo wenyewe ni mzito, una mapumziko katikati, kwa sababu ule utelezi wa kwato umeshika supu yote na povu linapasuka pole pole. Kikikoroma unatia karanga, unakoroga mara moja, unaweka chumvi, unaondoa kuni unabakiza makaa. Kikinyamaza kabisa, kimbia. Kimeungua.

Moto wenyewe ni wa kuni za mibuni, yale matawi yanayopogolewa. Hayana moshi mwingi na makaa yake yanadumu. Chumvi ni ya Ivuna, ile chafuchafu yenye chenga. Hapa nisidanganye. Kuna wakati mvua ilikata barabara, nikatumia chumvi ya dukani muda mrefu, na hakuna mteja hata mmoja aliyegundua. Mama mkwe aligundua, lakini alikuwa ameambiwa na Rehema, kwa hiyo sijui kama hiyo inahesabika.

Nilienda Mbozi kila nilipopata nafasi. Mwisho wa kila somo Rehema alikuwa anampelekea mama yake bakuli nyuma ya ukuta. Mimi nasubiri ndani. Bakuli linarudi na neno moja tu: "Bado." Bakuli lingine, siku nyingine: "Bado." Mara moja lilirudi na maneno mawili nikasimama kwa furaha. Yalikuwa "Bado sana."

Yona, shemeji yangu, alinionea huruma. Siku moja akaniambia, "Shemeji, huu ukwe unaweza kufunguliwa. Lete mbuzi na shuka, wazee wakae, muonyeshane nyuso, mambo yaishe. Mama ataingia jikoni akushike mkono."

Nikafurahi. Nikatafuta mbuzi mzuri, nikatuma habari. Mama mkwe akakataa. Mbuzi mzima anakataliwa! Rehema akaja na sababu, na naomba muishike hii sababu vizuri, kwa maana kila kitu kinarudi hapa.

"Mama anasema akikuona uso ataanza kukuhurumia. Ataona umechoka, ataona moshi umekuingia machoni, atakwambia ni tamu wakati si tamu. Anasema bora akae nyuma ya ukuta akuambie ukweli."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi, anasema umpike, ila yeye usimwambie utakavyompika."

Halafu likatokea la kuku. Wazee wa kanisa walikuja ghafla, Yona akatafuta kitoweo, akaingia jikoni, akamchukua yule kuku mwekundu. Simlaumu, hakuna aliyemwambia kwamba yule ni mkalimani. Nilipofika wiki ile nikakuta kona tupu na manyoya nje. Nikawasha moto. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake. Kimya. Chungu kikaanza kugombana. Kimya. Mimi natokwa jasho, sijui nipunguze kuni au nisubiri. Nikamsikia anakohoa, anasogeza kigoda, anakohoa tena. Mwishowe akashindwa.

"Marehemu," akasema, "mwambie huyo mtu apunguze kuni."

Nilicheka mpaka nikajishika kwenye mafiga nikaungua. Na nyuma ya ukuta nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mama mkwe naye alikuwa anacheka, amejiziba mdomo na kitenge, lakini kucheka kwa mtu aliyejiziba kunasikika zaidi. Tukaendelea na marehemu mpaka mwisho wa masomo. Hatukuweka kuku mwingine.

Nikarudi Tunduma na ujuzi wangu, nikanunua chungu sokoni, nikafungua rasmi. Na siku ya kwanza nikagundua kosa ambalo nadhani hakuna mpishi mwingine duniani angelifanya. Nilikuwa nimejifunza kupika kwa masikio, halafu nikaenda kupika kwenye maegesho ya malori.

Huyu anapiga honi, yule anapasha injini, utingo anagonga tairi, mwingine amefungulia muziki wa Kikongo. Chungu kiligombana sikusikia, kililalamika sikusikia, kikakoroma, kikanyamaza. Nilichokuja kusikia ni Hamisi anaita, "Mndali! Unachoma kwato au unachoma kibanda?"

Ndipo nikabuni ule mtindo wa mwiko. Mnaufanya kila siku na hamjui ulikotoka. Unaweka kichwa cha mwiko juu ya mfuniko, mpini unauweka sikioni, sikio lingine unaliziba kwa kidole. Chungu kinasikika kana kwamba kiko ndani ya fuvu. Madereva walinicheka sana mwanzoni. Wakaanza kusema, "Msimsumbue, anaongea na ng'ombe." Dereva mmoja wa Zambia alikuwa akifika ananisalimia kwa Kibemba, halafu ananiuliza ng'ombe amesemaje leo. Alipokula akaramba vidole mpaka kiganja, akasema, "Chawama!" yaani safi sana. Akaleta wenzake. Ndivyo kibanda kilivyosimama. Hamisi naye akaanza kula kwa hiari. Alisema bado ni gundi, lakini sasa ni gundi ya kwenye mfupa, si ya kwenye tairi. Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Kwa hiyo watu wote walisema ni tamu. Watu wote isipokuwa mmoja. Niliendelea kutuma Mbozi, kila Rehema akienda anabeba chombo. Linarudi neno lile lile. Na mimi, jinsi nilivyo, sikuweza kuyaamini maneno ya madereva. Dereva aliyetoka Dar akisubiri mpakani siku nzima ataisifu hata kamba ya turubai ukiichemsha. Niliandika jioni nyingi kwamba labda mimi si mpishi, labda ni utingo aliyepata chungu.

Na kulikuwa na suala la chungu cha ukoo. Mama mkwe alikuwa amesema kitaenda kwa mtu atakayelipika kongoro linavyotakiwa, kama hayupo, maua. Yona hakupenda. Alinijia akaniambia wazi, "Shemeji, sina neno na wewe. Lakini chungu cha ukoo kutoka kwenda kwa mkwe, tena wa Ileje, wazee watauliza." Alikuwa na haki kabisa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikamjibu, "Usihofu, shemeji, mama mwenyewe bado anasema bado." Tukacheka.

Miaka ikaenda. Miguu ya mama mkwe ikachoka, akaletwa Tunduma kukaa na binti yake. Yaani nyumbani kwangu. Fikirieni. Nyumba ina korido moja. Yeye akitaka kutoka chumbani anakohoa, mimi nakimbilia chooni. Mimi nikitaka kupita nagonga sufuria, yeye anajifunika shuka. Tukaweka pazia sebuleni, yeye upande wa redio, mimi upande wa mlango. Wajukuu walikuwa wanapita katikati wakipeleka maneno, na wengine walikuwa wanayaongeza chumvi kwa makusudi. Mmoja alimwambia bibi yake kwamba baba anasema bibi anakoroma kuliko chungu. Sikusema hivyo. Niliwaza, lakini sikusema.

Mchana mmoja akamwambia Rehema, "Nipeleke kwenye hicho kibanda. Nataka nile papo hapo, kabla halijapoa kwenye chombo."

Siku ile nilikuwa nimepika kama siku nyingine, sikujua anakuja. Rehema akamkalisha upande wa pili wa ule ukuta wa mbao, huo huo mnaoutundikia kalenda. Akaniambia kwa kichwa tu: yupo. Nikapakua, ugali na bakuli, Rehema akapeleka. Hamisi alikuwepo, akaacha kutafuna. Madereva wawili wakaona tumenyamaza, nao wakanyamaza bila kujua kwa nini.

Sikuweza kumwona. Basi nikafanya nilichofundishwa. Nikasikiliza.

Nikasikia anamega ugali. Nikasikia anachovya. Kimya. Nikasikia anavuta uboho kwenye mfupa, kwa nguvu, kama mtu asiye na mkwe karibu. Mfupa ukagonga sahani. Mwingine. Halafu nikasikia kidole kinazunguka ndani ya bakuli, ile sauti ya bakuli linalofutwa. Halafu kigoda kikakwaruza sakafuni, na hatua za polepole na fimbo. Nikadhani anaondoka. Nikaandaa moyo kupokea "bado" yangu.

Fimbo ikazunguka ukuta.

Niliona kanga kwanza, nikajitupia kitambaa cha kufutia vyombo usoni. Rehema akasema, "Mama! Mama, unafanya nini?"

"Nimechoka kuongea na kuku," mama mkwe akasema. "Toa hicho kitambaa, mkwe."

Mkwe. Miaka yote nilikuwa huyo mtu.

"Mama, ukwe," nikasema ndani ya kitambaa. "Wazee watatutoza."

"Wazee gani? Mkubwa wao ni mimi. Nijitoze mwenyewe? Toa."

Nikatoa. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Ana bakuli mkononi, jeupe kabisa. Akanitazama polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, mashavu, pua, akafika masikioni akasimama.

"Kumbe una masikio makubwa hivi," akasema. "Ndiyo maana."

Hamisi akaangua kicheko, akajifanya amepaliwa.

Halafu akasema, akinitazama machoni, "Ni tamu."

Salome, mnajua nilivyo. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi papo hapo nikakumbuka yule mbuzi na ile sababu: akiniona uso atanihurumia, ataniambia ni tamu wakati si tamu. Na sasa amenitazama kwanza, ndipo akasema. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni tamu kweli, au ni kwa sababu umeniona uso?"

Akacheka kile kicheko cha nyuma ya ukuta, ila safari hii hakujiziba, na niliona hana meno ya mbele. Akanipa bakuli.

"Hilo utakaa nalo," akasema. Akageuka, akaenda kukaa, akaagiza chai.

Toka siku ile hatukuweka pazia tena. Tulikaa sebuleni tunasikiliza redio, tunabishana kuhusu kuni, na kila nikimwuliza lile swali anabadilisha mazungumzo. Alipofariki, Yona ndiye aliyekileta chungu mwenyewe, amekipakata mapajani toka Mbozi, amekizungushia koti lake. Wazee wa ukoo waliuliza kama alivyosema watauliza. Aliwajibu kwamba mama alikula akamaliza, na yeye hawezi kubishana na bakuli tupu. Nilimshukuru. Akasema, "Usinishukuru, shemeji, pika." Akala sahani mbili.

Kuhusu gesi yenu na zile sufuria za presha, msidhani nina neno. Nimeonja kongoro la presha kwa watu. Ni laini, nisiseme uongo, na linaiva haraka. Ila presha inapiga filimbi moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho, mimi sijui inasema nini. Labda ninyi mtaijua lugha yake. Chungu msikioshe kwa sabuni, kinainywa na kuitapika kwenye supu. Maji ya moto na jivu, basi.

Sasa mmejua kwa nini naelekea ukuta. Nawapenda. Nikiwatazama, nikimwona Salome alivyoamka mapema na macho mekundu kwa usingizi, nitasema ni tamu. Nikitazama mbao naweza kusema kweli. Kwa hiyo nikija, wekeni bakuli nyuma yangu, msiniongeleshe, na nikisema bado, msilie. Mimi nimesikia neno hilo zaidi yenu wote na bado natembea.

Lakini miguu yangu nayo imeanza. Ipo siku mtaniona nimeinuka, nimegeuza benchi, nimewatazama usoni mmoja mmoja, nikasema ni tamu. Siku hiyo msishangilie, na msiniulize lile swali, sitawajibu. Chukueni mwiko mkasikilize chungu wenyewe.